Kwa Aingiaye Katika Utafiti

Wanafunzi wanaoanza masomo ya uzamili huniuliza mara kwa mara namna ya kuifanya kazi ya utafiti, na aghalabu maswali yao huelekea upande wa nje wa kazi hiyo: tasnifu iwe na kurasa ngapi, nadharia gani inapendwa na watahini, programu ipi ya kompyuta hupanga marejeleo vizuri. Maswali hayo yana majibu, na baadhi yake nitayagusa humu; walakini baada ya kuishi na utafiti tangu uzamili hata sasa nilipo katika uzamivu, nikishughulika na tungo za kale za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, nimepata yakini kwamba liko jambo moja linalotangulia hayo yote, nalo ni mtafiti kuweza kusema, kwa kila neno aliloliandika, amelijuaje na amelipokea kwa nani. Mwenye kulishika jambo hilo tangu siku ya kwanza hupata wepesi katika mengi yaliyosalia, na mwenye kuliahirisha mpaka wakati wa kuandika hukuta wale ambao angeliwauliza wamekwisha safiri, wamekwisha sahau, au wamekwisha fariki dunia.

Karibu kila mmoja wetu huingia chuoni na mada, akadhani kuwa mada hiyo yatosha. Mtu husema, "Mimi namtafiti Muyaka," na kwa kusema hivyo amekwisha kujitwika mji mzima na zama nzima, kwa kuwa Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga juu ya mapenzi, juu ya maisha ya watu wa mji wake, na juu ya uhasama baina ya Mazrui waliotawala Mombasa na Seyyid Said aliyetaka kuutwaa mji huo, na kila moja ya mambo hayo laweza kummaliza mtafiti umri wake kabla yeye hajalimaliza. Lakini mtu huyo huyo akitulia akazingatia tungo zile zimetufikiaje, mara mlango hufunguka. Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yakakaa vifuani mwa watu wa Mombasa kwa muda unaokaribia nusu karne, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa wameyahifadhi, akayaandika pamoja na maelezo yake, akifanya kazi hiyo bega kwa bega na mmisionari wa Kiingereza W. E. Taylor, Sikujua naye akafariki mwaka 1890, karatasi za Taylor zikaishia katika maktaba ya chuo cha SOAS huko London, na diwani yenyewe ikachapishwa kwa herufi za Kirumi mwaka 1940, mjini Johannesburg, chini ya uhariri wa William Hichens. Basi hapo sasa mtafiti aweza kuuliza: maelezo ya Sikujua yanasemaje juu ya sababu ya kutungwa kila shairi, na katika hayo, yapi yaliingia katika kitabu cha 1940, na yaliyoingia yaliingia kwa sura gani? Swali kama hilo lina hati za kutazamwa, lina kitabu cha kulinganishwa nazo, na lina mwisho. Msimamizi akikuuliza utamaliza lini, utakuwa na la kumjibu.

Nasihi yangu ni kwamba usiandike pendekezo la utafiti kabla hujaweza kuliandika swali lako katika sentensi moja ambayo ndugu yako asiyesoma chuo kikuu ataielewa, kisha ujiulize ni kitu gani ukikiona kitakulazimisha kukiri kwamba dhana yako haikuwa sahihi. Ikiwa hakipo kitu cha namna hiyo, ikiwa lolote utakaloliona uwandani litageuka kuwa ushahidi wa kukuunga mkono, basi hilo silo swali, na utachoka bure. Wanafunzi wengi huogopa kupunguza upana wa kazi wakidhani kuwa udogo wa swali ni udogo wa elimu, na mimi nawaambia kwamba sijapata kuona tasnifu iliyoangushwa kwa kuwa swali lake lilikuwa dogo.

Katika kusoma waliotangulia, ile sura tuiitayo mapitio ya maandishi, desturi iliyoenea ni kupanga majina kwa mwaka: fulani amesema hivi, fulani naye akasema vile, na mwisho mwandishi huongeza kwamba hakuna aliyeligusa jambo lake. Msomaji hafaidiki kitu. Soma kwa kutafuta mahali waliotangulia walipokhitilafiana, na mahali wote walipokubaliana bila ya yeyote kuleta ithibati, maana hapo pa pili ndipo kazi mpya hujificha. Na unaposoma, kila unachokinukuu kiandike pamoja na mwandishi, mwaka na ukurasa, na maneno ya mwenyewe uyatie alama za kunukuu wakati ule ule, ili baada ya miezi usije ukashindwa kutofautisha lililo lako na lililo la mwenzio. Dondoo isiyo na asili yake ni kama fedha uliyoiokota njiani. Waweza kuihitaji sana, lakini huwezi kuitumia kwa moyo safi. Wengi walioshtakiwa kwa wizi wa kitaaluma hawakukusudia kuiba. Madaftari yao hayakuwa na mpangilio. Programu kama Zotero, ambayo hutolewa bure, yatosha kabisa kwa kupanga marejeleo, na mwenye kuingiza marejeleo yake humo tangu kitabu cha kwanza hujiokoa na mateso ya juma la mwisho.

Siku hizi fauka ya hayo zimetokea programu za akili mnemba ambazo ukiziuliza zitakuandikia aya nzima kwa ufasaha, na zitakutajia makala na vitabu ambavyo havikupata kuandikwa, vyenye waandishi, miaka na kurasa. Sina haja ya kuzilaani, na wako wanaozitumia kwa insafu katika kusahihisha lugha. Lakini usiingize katika tasnifu rejeleo lolote ambalo hukulifungua na kulisoma wewe mwenyewe. Na hadhari vile vile na majarida yanayokuandikia barua kwa taadhima kubwa yakikuomba makala na kuahidi kuichapa ndani ya siku chache kwa malipo. Mwulize msimamizi wako kabla hujatoa hata senti moja.

Juu ya vibali nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni jambo la subira zaidi kuliko la elimu. Nchini Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kujulikana zaidi kwa jina la COSTECH, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupata chake kwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye serikali ilimpa mamlaka hayo tangu mwaka 1980. Zanzibar ina utaratibu wake mwenyewe, na Kenya ina tume yake iitwayo NACOSTI, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Nchini Tanzania barua ya kibali haitoshi peke yake. Utaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, utapewa nyingine ya kwenda wilayani, na kutoka huko utashuka kwa mtendaji wa kata na wa mtaa au kijiji, na Unguja na Pemba utakwenda kwa sheha kabla hujabisha hodi katika nyumba ya mtu. Toa nakala nyingi zenye muhuri, anza miezi kadhaa kabla ya siku uliyokusudia kusafiri, na usimnunie karani. Yeye ndiye atakayekuelekeza, kama ukikaa naye kwa adabu, kwa mzee ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote.

Nimefika sasa katika uwanda wenyewe, na hapa nitaomba wasaa. Mzee au bibi aliyeweka hati za babu zake ndani ya sanduku hakuziweka kwa ajili ya tasnifu yako, na vitabu vya mbinu za utafiti, ambavyo humwita mtu huyo mtoataarifa, havikufundishi namna ya kuketi mbele yake. Siku ya kwanza usichukue kinasa sauti. Nenda na mtu anayejulikana pale nyumbani, toa salamu zake kwa ukamilifu, jibu utakapoulizwa u mtoto wa nani na wa wapi, kunywa kahawa unayopewa, na useme ulilolijia bila ya kulificha wala kulipamba. Karatasi ya ridhaa iliyotolewa na chuo aghalabu imeandikwa kwa lugha ya mahakama, na kwa mtu aliyewahi kuona ardhi ya jamaa zake ikipotea kwa sababu ya saini, kalamu uliyomnyoshea ni jambo la kutisha. Basi mweleze kwa Kiswahili cha kawaida kila kilichomo, mpe nafasi ya kukataa bila ya kuona haya, na asipotaka kutia saini, mwombe ridhaa yake kwa sauti, uinase, ukiisha kupata idhini ya chuo kufanya hivyo.

Kisha mwulize kama ataka jina lake litajwe. Kanuni za maadili hutuhimiza kuficha majina, na katika utafiti wa maradhi au wa mambo ya aibu hilo ni la haki kabisa. Lakini katika elimu ya mashairi, ya historia na ya dawa za miti, kulificha jina la mwenye elimu ambaye hakuomba kufichwa ni kumdhulumu. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kikiwa na jina la Carl Velten, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na akafariki huko mwaka 1927. Mpaka ilipochapishwa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, iliyofanywa na J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa juu ya kitabu kama jina la mwenye kazi. Nampenda Sikujua, na nampenda Mtoro, na kila nionapo tasnifu ambayo mtoa elimu ndani yake ameitwa "mhojiwa wa nne" bila ya kuulizwa, moyo wangu hauridhiki.

Lolote uambiwalo, liandike usiku ule ule, pamoja na mahali, saa, na waliokuwapo, na uandike maneno kama yalivyosemwa kabla hujaandika uliyoyafahamu wewe. Sababu yake si ubovu wa kumbukumbu peke yake. Mzee wa pwani akikuambia kwamba mshairi fulani alifariki usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku unaoitangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku kwake huanza jua linapotua. Mwanafunzi aliyezoea hesabu ya ofisini ataandika Ijumaa, na akija kulinganisha na waraka wa serikali uliosema Alhamisi atadhani amekuta khitilafu kubwa ya historia, akaijengea sura nzima. Ukiyaweka maneno ya mzee kama yalivyotoka, wewe au atakayekuja baada yako aweza kuyarejea. Kadhalika usizilimbikize kanda. Saa moja ya mazungumzo huweza kula kutwa nzima ya kunakili, na sauti iliyonaswa leo, pamoja na kikohozi chake na adhana iliyopita kati, hufahamika vyema zaidi juma hili kuliko mwaka ujao. Weka nakala tatu, moja yao katika nyumba nyingine.

Nataka niwaonyeshe kwa karibu kazi hii inavyokwenda, maana wengi huisikia tu. Katika hati nyingi za zamani, herufi ya Kiarabu "ba" ilitumika kwa sauti ya b, ya p, na mara nyingi ya mb pia. Irabu ya chini ilisomwa i au e, na ya juu yenye mkunjo ilisomwa u au o. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwa ba mbili zenye fatha huweza kuwa baba, au papa, au pamba, au bamba, na jicho peke yake haliwezi kuamua. Nilimpelekea nakala ya ukurasa wa namna hiyo maalim mmoja katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtu aliyesoma chuoni kwa babu yake, nikamwonyesha neno lenyewe kwa kidole.

"Ondoa kidole, mwanangu," akaniambia. "Neno halisomwi, husomwa ubeti."

Akausoma ubeti wote kwa sauti ya taratibu, akipiga goti lake kwa kila mizani, akahakikisha kuwa kila kipande kina mizani minane. Kisha akarejea kwenye vina, akasema mshororo wa juu umekoma kwa kamba na wa chini umekoma kwa shamba, kwa hiyo hapa lazima pakome kwa mba, na baba na papa wameondoka. Akatazama tena, akasema mtunzi anazungumza juu ya nguo, basi ni pamba. Baadaye akaniambia kwamba babu yake alikuwa akiusoma ubeti huo huo kwa neno jingine kabisa katika kituo chake, na akanisomea. Katika tasnifu yangu nimeandika usomaji wote wawili, nikataja aliyenipa huu na aliyenipa ule, na hoja zilizonifanya nichague mmoja ziko pale zionekane. Mtahini aweza kutokubaliana nami, na akitokubaliana atajua pa kunishika.

Tarehe nazo zina taabu yake. Hati ikisema mwaka 1275, usifungue jedwali ukaandika 1858 ukapita, kwa sababu mwaka huo wa Hijria ulianza mwezi wa Agosti 1858 ukaisha Julai 1859. Pasipotajwa mwezi, andika miaka yote miwili. Na kabla ya kufunga safari yoyote, tazama orodha zilizokwisha tengenezwa. Allen alichapisha mwaka 1970 orodha ya hati za Kiswahili na za Kiarabu zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar nyaraka za taifa ziko Kilimani. Na hati nyingi zilizoko SOAS zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, hata mtu aliye Lamu aweza kuzitazama hati zilizotoka Lamu. Wako wanaotumia nauli kubwa kwenda kutafuta kitu ambacho wangelikipata kwa kuuliza mkutubi, na wakutubi, nasema kwa shukrani, ni watu wa kwanza wa kufanya nao urafiki.

Msimamizi ni mtu mwenye kazi nyingi na wanafunzi wengi, na uhusiano wako naye utategemea zaidi kile unachompelekea kuliko heshima unayomwonyesha. Mwanafunzi anayekwenda kwa msimamizi kusema "Profesa, nimekwama" huondoka na maneno ya kumtuliza. Anayekwenda na kurasa kumi, akaandika juu yake kwamba ukurasa wa tatu hana hakika na usomaji wa ubeti na ukurasa wa saba anahofia hoja imerukia mbali, huondoka na msaada. Baada ya kila kikao mwandikie barua fupi ya yale mliyokubaliana, ili yawe na tarehe. Ikitokea kwamba anakaa na sura yako miezi bila ya kuirejesha, jambo linalowapata wengi, mkumbushe kwa adabu na kwa maandishi, endelea na sura nyingine, na ikizidi peleka habari kwa mratibu wa masomo ya uzamili mapema, kabla hasira haijachukua mahali pa hoja.

Kuandika nako usikuweke mwisho. Wako wanaosema kwamba watakusanya kwanza, watachambua, ndipo waandike, na nimewaona wenye madaftari mengi wakishindwa kuanza. Andika kila siku ya kazi, hata aya moja, kwa maana fikra ambayo haijaandikwa hujidai kuwa imekamilika, na ni kalamu tu inayoibainisha kasoro yake. Wale tunaoandika kwa Kiswahili tumepata fursa ambayo waliotutangulia hawakuwa nayo kwa wepesi: tasnifu za uzamivu sasa huandikwa na kutetewa kwa lugha hii katika vyuo vyetu, na msamiati wa kutosha upo. Usiandike kwa Kiingereza kichwani ukahamishia karatasini. Mshairi akikupa istilahi ya kazi yake, kina, mizani, kituo, bahari, itumie kwa heshima, kwani istilahi hizo zilikuwa zikifanya kazi ya uchambuzi kabla ya idara zetu kujengwa.

Huenda uwanda ukakujibu kinyume cha ulivyotazamia. Hapo ndipo mtu hujaribiwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu muda umekwisha, fedha zimekwisha, na jamaa nyumbani wanauliza utahitimu lini. Na kuachilia nje mahojiano mawili au ubeti mmoja usiokubaliana nawe ni jambo ambalo hapana atakayelijua. Usifanye hivyo; lieleze jibu la kinyume katika sura yake, kwa nguvu ile ile ambayo ungeliitumia kama lingelikuunga mkono. Watahini wazoefu hupenda kuuliza ni jambo gani lilikushangaza katika utafiti wako, na mwanafunzi asiye na la kujibu hutia shaka. Mwenye kujibu kwa kufungua ukurasa na kuonyesha, huwa amekwisha vuka nusu ya utetezi wake.

Utetezi ukiisha na masahihisho yakikubaliwa, bado una safari. Chapisha nakala za ziada za tasnifu, uzipeleke kwa waliokupa elimu, na kwa asiyesoma maandishi ya chuo kikuu kaa naye umsomee mahali alipotajwa, umsikilize atakavyosahihisha. Kanda na picha za hati, kwa idhini ya wenyewe, zikabidhi kwa maktaba ya chuo pamoja na orodha inayosema kila moja imenaswa wapi, lini, na kwa sauti ya nani. Wenye hati warejeshewe nakala zilizo safi, kwa kuwa karatasi za pwani huliwa na mchwa na unyevu wa bahari, na mara nyingi picha ulizopiga wewe zitakuwa ndizo nakala za pili pekee walizo nazo.